Mwanamke Aliyetajwa na Nchi Nzima

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Msinidhanie mwoga. Huko kutaja ni jambo lenye sheria zake, na mimi nimezoea kutii sheria hata nikiwa mbali nazo. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye milima, mito, na mawaziri wengi kuliko mito. Watu wake hula muhogo. Huuchemsha, huukaanga, huutwanga wakapata unga, na wenye haraka huutafuna mbichi njiani. Muhogo ukikosekana huko, hakuna cha kuuliza kitu gani kitaliwa badala yake, maana hakipo.

Katika nchi hiyo aliishi mtafiti mmoja, Dakta Sikudhani Mlelwa, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Mazao, chumba cha mwisho kwenye ujia wa nyuma, jirani na stoo ya mafagio. Kazi yake ilikuwa kusoma vinasaba vya virusi vinavyoshambulia muhogo. Kinasaba, kwa asiyekijua, ni kama maandishi madogo mno yaliyomo ndani ya kila chenye uhai, yanayokiambia kiwe nini. Dakta aliyachukua maandishi hayo kutoka kwenye majani ya mihogo ya kila wilaya, akayaingiza kwenye kompyuta, akayalinganisha herufi kwa herufi kama mwalimu anayesahihisha mitihani ya wanafunzi walioangaliziana, ajue nani kanakili kwa nani.

Hakuwa ameolewa. Wachumba walikuja, lakini kila aliyekuja alielezwa habari za virusi mpaka chai ikapoa, na mtu akishapozewa chai mara mbili haji ya tatu. Ndugu yake wa pekee alikuwa mdogo wake, Nuruana, aliyeishi mji wa mbali na kumpigia simu kila Jumapili.

Baada ya miaka mingi ya kazi, Dakta aliandika makala. Ilisema jambo moja la kutisha kwa lugha ya upole. Serikali ilikuwa ikiandaa mbegu mpya ya muhogo iitwayo Mkombozi, nene, nyeupe, yenye kuzaa sana. Makala ilionyesha kwamba virusi vya ugonjwa wa michirizi vilikuwa vimebadilika, na kwamba Mkombozi haikuwa na kinga hata kidogo dhidi yavyo. Shamba lingesimama kijani, majani yakipepea, mkulima akishukuru Mungu, kumbe ardhini mizizi yote ni kahawia, mikavu, haifai hata kwa nguruwe. Ukurasa wa mwisho ulieleza la kufanya: mbegu za zamani zisitupwe, hasa ile nyembamba yenye shina jekundu, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa ikivumilia.

Makala ilichapishwa katika jarida la heshima la ng'ambo. Dakta alinunua keki, akaiweka chumba cha mapumziko pale taasisi. Watu waliila. Hakuna aliyeuliza ni ya nini.

*

Sasa niwaeleze mtajo ni kitu gani, maana bila hilo hamtaelewa utukufu wa nchi ile. Mtaalamu mmoja huandika jambo. Mtaalamu mwingine naye, akiandika la kwake, husema, "kama alivyoonyesha fulani." Hapo fulani amepata mtajo. Mwenye mitajo mingi huitwa mkubwa, na hakuna anayeuliza alitajwa kwa kusifiwa au kwa kusutwa.

Dakta Sikudhani alikuwa na mitajo mitatu. Mmoja alijitaja mwenyewe. Wa pili alitajwa na mwenzake wa chumba cha pili, Dakta Mbaruku, kwa huruma. Wa tatu ulitoka kwa bwana mmoja wa ng'ambo aliyekusudia kumtaja Mlelwa mwingine kabisa, mtaalamu wa madaraja.

Ikatokea Mtukufu Rais akaenda kwenye mkutano wa marais. Walipokuwa wakinywa maji ya matunda, rais wa nchi jirani akamwambia, "Sisi kwetu tuna mtaalamu anayetajwa dunia nzima. Nyinyi je?" Mtukufu Rais alijibu kwamba wao wanao wengi mno, hata wamechoka kuwahesabu. Kisha akarudi nyumbani amevimba.

Tume iliundwa. Ilitafuta nchi nzima mtaalamu anayetajwa, ikampata Dakta Sikudhani na mitajo yake mitatu. Waliomfuatia walikuwa na sifuri, isipokuwa mmoja aliyetajwa na polisi.

Ndipo ikazaliwa Wizara ya Mitajo na Sifa za Taifa, na Mheshimiwa Pazi Kidevu akawa waziri wake wa kwanza. Siku ya uzinduzi alisimama jukwaani, akafuta jasho, akanguruma:

"Ndugu wananchi! Taifa lisilotajwa ni taifa lisilokuwapo! Wenzetu wanatajwa, sisi tunatazama. Je, hatuna midomo?"

"Tunayo!"

"Nasema, hatuna midomo?"

"Tunayoo!"

"Basi kuanzia leo, mdomo wa kila mwananchi ni rasilimali ya taifa! Mlelwa atatajwa mjini, Mlelwa atatajwa kijijini, na asiyemtaja tutataka kujua anamtaja nani!"

Wananchi walipiga makofi. Nami nilipiga, na makofi yangu hayakuwa ya mwisho.

*

Kazi ilianza. Ili mitajo ihesabiwe kitaalamu, kila ofisi iliamriwa kuwa na jarida lake. Kambi ya jeshi ilikuwa na jarida, stendi ya mabasi ilikuwa na jarida, na Jarida la Kimataifa la Soko la Samaki lilitoka kila asubuhi kabla samaki hawajaanza kunuka. Kadi za harusi ziliandikwa, "Familia zinayo furaha kubwa, kama alivyobainisha Mlelwa, kukualika." Matangazo ya vifo yalisema marehemu aliugua kwa muda mfupi, tazama Mlelwa. Vijana waliandikiana, "Nakupenda kwa kiwango kilichothibitishwa na Mlelwa." Mwizi mmoja wa kuku alimtaja kizimbani akapunguziwa kifungo.

Namba zikapanda. Katikati ya mji mkuu palikuwa na saa kubwa. Iliteremshwa, pakawekwa ubao wa kuonyesha mitajo. Watu walichelewa kazini lakini walijua taifa limefika wapi.

Na Dakta Sikudhani? Mwanzoni alifurahi, nisiseme uongo. Alidhani wanasoma. Asubuhi moja sokoni mwuza nyanya alimwamkia, "Shikamoo Dakta, kama alivyobainisha Mlelwa."

"Marahaba. Kumbe umeisoma?"

"Nini?"

"Makala yangu."

Yule mama alimtazama kama anayeulizwa kama ameshawahi kuusoma wimbo wa taifa. "Kuisoma? Dakta, sisi tunaitaja kila siku! Ukishaitaja, kuna haja gani tena?" Akamwongezea nyanya moja kwa heshima.

Dakta aliuliza wengine. Alimwuliza mhubiri aliyemtaja kwenye mahubiri, alimwuliza mtangazaji wa mpira, alimwuliza mwalimu mkuu ambaye wanafunzi wake walikariri jina la Mlelwa mstarini kila asubuhi. Wote walimjibu kwa unyenyekevu mkubwa, na wote walimjibu hivyo hivyo. Akaanza kuogopa kuuliza.

Jumapili ilipofika, Nuruana alipiga simu.

"Dada, hujambo, kama alivyobainisha Mlelwa?"

"Sijambo, Nuru. Lakini usinitaje. Ni mimi."

"Najua ni wewe, dada. Simu zinasikilizwa, na mtaa wetu haujatimiza kiwango. Habari za kwako, taz. Mlelwa?"

"Mgongo unanisumbua kidogo."

"Pole, kwa mujibu wa Mlelwa."

Walijaribu kuongea hivyo kwa muda. Nuruana alitaka kusema jambo kuhusu mume wake, sauti yake ilionyesha, lakini kila sentensi ilipofika nusu ilibidi isimame, imtaje, ndipo iendelee, na hakuna huzuni inayoweza kusafiri namna hiyo. Mwishowe wakaagana. Jumapili zilizofuata simu ikawa fupi, kisha ikawa haipo.

Pale taasisi, Dakta Mbaruku alipandishwa cheo akawa Mkurugenzi wa Kutaja, kwa kuwa ndiye aliyetangulia. Chumba cha Dakta Sikudhani kiligeuzwa jumba la makumbusho. Kompyuta yake ilizungushiwa kamba ya bluu, na friji yenye majani ya mihogo ikazimwa ili isiwapigie kelele wageni. Siku alipokuja kufanya kazi, mlinzi alimzuia mlangoni.

"Samahani mama, vitu vya maonyesho haviguswi."

"Lakini ni vyangu."

"Ndiyo maana haviguswi," mlinzi akasema kwa upole, akamwonyesha mahali pa kusimama.

Dakta alisimama nyuma ya kamba, akaitazama kompyuta yake. Watoto wa shule walipita, wakaitaja, wakaondoka. Tangu siku hiyo alikaa nyumbani. Alipika chakula cha mtu mmoja, akakila, akaosha sahani moja. Majirani walipompigia hodi walikuwa wamekuja kupiga picha.

*

Ng'ambo nako kuna watu wasio na adabu. Waliandika kwamba mitajo ya nchi ile inatia shaka, na kwamba huenda mwandishi anajitaja mwenyewe. Waziri Kidevu alikasirika, na siku zile waziri akikasirika bunge lilipitisha sheria. Ikapita Sheria ya Kuzuia Kujitaja. Mtu yeyote aliruhusiwa kusema lolote juu ya makala ya Mlelwa, isipokuwa Mlelwa.

Naomba mtulie hapo kidogo, kama alivyotulia yeye aliposoma gazeti. Mtu pekee nchini aliyejua kilichoandikwa ndiye pekee aliyekatazwa kukisema.

Mvua za kwanza zilikaribia. Malori ya Serikali yalianza kupita vijijini yakigawa pingili za Mkombozi, vipande vya shina vya kupanda, na wakulima waliambiwa wang'oe mbegu za zamani, hasa ile nyembamba yenye shina jekundu, iliyoonekana kuwa ya kimaskini. Dakta alipoona lori la kwanza barabarani alivaa viatu, akamkimbilia bwana shamba aliyekuwa akisimamia.

"Bwana Chilewa, msigawe hii. Italeta ugonjwa."

Bwana shamba alikuwa mtu mwema, mwenye watoto. "Nani kasema, Dakta?"

"Mimi."

Alidondosha pingili, akaziba masikio kwa mikono miwili. "Sijasikia! Dakta, nakuheshimu, usinifanye shahidi! Mtafute mtu mwingine akutaje juu ya jambo hilo, nami nitalipokea."

"Hakuna mwingine anayelijua."

"Basi halijulikani," akasema kwa huzuni ya kweli, akageuka kuwahimiza wapakuzi.

*

Siku ya Mkombozi iliadhimishwa uwanja wa taifa. Dakta Sikudhani aliketishwa mbele, akiwa amevishwa vitenge vya Wizara, tayari kupewa nishani. Waziri Kidevu aliinua muhogo mnene juu ya kichwa chake.

"Haya si maneno yangu, ndugu zangu! Haya ni maneno ya sayansi! Imeandikwa ukurasa wa nne: 'Mbegu ya Mkombozi haina mfano'!"

Uwanja ulilipuka. Kweli maneno hayo yamo ukurasa wa nne. Yanafuatwa na mengine, kwa kuwa sentensi haikuwa imeisha.

Dakta alipanda kupokea nishani. Alipovishwa, mtangazaji alimwekea kipaza sauti mdomoni aseme asante. Alisema:

"Mbegu ya Mkombozi haina mfano kwa wepesi wa kushikwa na ugonjwa wa michirizi, na ikipandwa nchi nzima, nchi nzima itakosa chakula. Ndivyo nilivyoandika. Tafadhali msiipande."

Watu walipiga makofi, bendi ikapiga, kwa sababu hakuna aliyekuwa akisikiliza. Ilijulikana tu kwamba akimaliza hupigwa makofi. Lakini Waziri alisikia. Askari wawili wakamshika Dakta kwa heshima zote, mmoja akimbebea nishani, wakaondoka naye.

*

Kesi ilipewa Wakili wa Serikali Yonazi Shekiondo. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye tabia moja mbaya iliyomchelewesha cheo: alisoma jalada kabla ya kwenda mahakamani. Ili kuthibitisha kwamba mshtakiwa amejitaja, alipaswa kuonyesha kwamba maneno aliyosema uwanjani yamo kwenye makala yake. Wenzake walimshauri aitaje tu. Yeye akaomba kibali cha kuisoma, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiomba, ofisi nzima ilihangaika kutafuta nani wa kukitoa.

Mahakama ilijaa. Dakta aliingia kizimbani akiwa amepungua mwili. Wakili wake wa utetezi alikuwa amemsihi jambo moja tu: asieleze chochote, kwani kila akielezacho ni kujitaja upya. Yonazi Shekiondo alisimama, akafungua makala. Kurasa zilikuwa zimejaa alama za kalamu. Dakta aliziona kutoka kizimbani, akashika mbao kwa nguvu.

"Mshtakiwa, ukurasa wa tatu kuna mchoro kama mti ulioangukia ubavu. Nimeutazama jana kutwa. Ni nini?"

"Usijibu!" utetezi ukanong'ona.

"Umeutazama?" Dakta akauliza.

"Nimeutazama mpaka macho yakauma. Nimeelewa kwamba kila tawi ni kirusi kimoja, na walio ndugu wamekaa karibu. Lakini hawa wawili wamekaa karibu kabisa, na mmoja katoka mpaka wa kaskazini, mwingine kusini. Wamejuanaje?"

Waliokuwapo wanasema uso wa mwanamke yule ulibadilika. Mimi nilikuwapo, na sijawahi kuona mtu akishtakiwa akawa na uso wa namna ile. Alikuwa kama mtu aliyekaa peke yake kisiwani akasikia nyuma yake mtu anakohoa.

"Swali zuri," alisema, akainama kuelekea kwake. "Swali zuri sana. Nzi weupe ndio wanaoeneza ugonjwa huu, lakini nzi hawezi kuruka kutoka kaskazini mpaka kusini. Hawa wawili walisafiri kwa lori. Mtu alipakia pingili zenye ugonjwa kaskazini akazishusha kusini."

"Nani?"

"Tazama maelezo chini ya mchoro. Tarehe zinafanana na safari za majaribio za Serikali."

Jaji alipiga meza. "Karani, ongeza shtaka!"

"Na hapa ukurasa wa sita," Yonazi aliendelea, akiwa amesahau kabisa kwamba anamshtaki, "unasema ile yenye shina jekundu inavumilia. Inavumilia au haiugui?"

"Inaugua kidogo, lakini mizizi inabaki mizima. Hilo liliniumiza kichwa muda mrefu. Nilidhani nimekosea hesabu."

"Nami nilidhani umekosea. Nikarudia."

"Ukapata nini?"

"Hukukosea."

"Ongeza shtaka!" Jaji akafoka. Utetezi ulikuwa umejifunika uso kwa koti.

Siku zote za kesi zilikuwa hivyo. Mwendesha mashtaka akiuliza, mshtakiwa akijibu, karani akiongeza. Askari magereza walisimulia kwamba asubuhi mwanamke yule alikuwa wa kwanza kuwa tayari, nywele amechana, akiuliza kama gari limefika. Aliposikia kwamba kesi inakaribia kwisha aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Siku ya mwisho Yonazi Shekiondo alisimama, akazungumza polepole.

"Mheshimiwa Jaji, ni wajibu wangu kuthibitisha kwamba aliyosema mshtakiwa uwanjani ndiyo aliyoandika. Nimesoma neno kwa neno. Kwa bahati mbaya ndiyo. Na kwa bahati mbaya zaidi, ni kweli."

Jaji alipokea sehemu ya kwanza, akaamuru ya pili ifutwe kwenye kumbukumbu kwa kuwa haikuhusu.

*

Adhabu ilikuwa kutotajwa. Kuanzia jioni ile jina lake lilikuwa marufuku. Ubao wa mji mkuu ulishuka mpaka sifuri, na ili kuziba pengo Wizara ilimpata mtaalamu mwingine, mkwe wa Waziri, aliyewahi kuandika kijitabu kuhusu namna ya kukunja leso. Kadi za harusi zilichapishwa upya. Wananchi walijifunza jina jipya haraka, maana ni watu wenye uzoefu.

Dakta alirudishwa nyumbani. Nishani ilichukuliwa, jumba la makumbusho likafungwa, kompyuta ikauzwa pamoja na viti. Sasa majirani hawakuja hata kupiga picha. Mwuza nyanya alimpimia bila kumtazama. Nuruana alimtumia salamu kwa mtu, kwamba anaomba radhi, na kwamba mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa amepewa jina la mama yake mkubwa, imebidi abadilishwe jina. Dakta alimwambia mjumbe aseme hakuna neno, yameeleweka. Mjumbe alipoondoka, Dakta alisimama mlangoni muda mrefu akiwa ameshika fremu, kama anayengoja kitu kipite. Wakati ule wa sifa alikuwa peke yake akiwa na kelele. Sasa alikuwa peke yake tu.

Mvua zilinyesha vizuri mwaka ule. Mihogo ya Mkombozi ilisimama kijani nchi nzima, mirefu, majani yakipepea, na Waziri alipiga picha ndani yake.

Msimu wa kuvuna ulipoanza, adhuhuri moja, hodi ilipigwa. Alikuwa Yonazi Shekiondo, bila koti, viatu vimejaa vumbi, na mkononi kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Nimetoka kwa mama yangu, kijijini," alisema. "Baada ya kesi nilimwambia asipande Mkombozi. Akaniambia wewe ni mwanasheria, si bwana shamba. Akanisikiliza nusu, akapanda nusu. Huu umetoka upande wa Mkombozi."

Alifungua gazeti mezani. Ulikuwa muhogo mnene, ngozi safi. Dakta alileta kisu, akaupasua. Ndani ulikuwa kahawia kutoka ncha mpaka ncha, mkavu kama kizibo cha chupa.

"Ndiyo yenyewe?" Yonazi aliuliza.

"Ndiyo yenyewe."

Wakautazama. Dakta alijua maana ya muhogo ule: mashamba yote yale ya kijani yalikuwa hivyo, na watu hawajui. Lakini kabla hofu haijamfikia, kitu kingine kilitangulia kifuani mwake, na kitu hicho kilikuwa furaha, kwa sababu mtu alikuwa amebeba swali kutoka mbali akalileta mpaka mezani kwake. Aliiona furaha hiyo, akaionea haya, akaanza kulia. Yonazi alidhani analia kwa ajili ya nchi, akampa leso. Dakta hakumrekebisha.

"Upande ule mwingine?" akauliza alipoweza.

"Mama kapanda ile ya shina jekundu. Mizima. Lakini ni yeye peke yake bondeni kote."

"Basi twende kabla haijaliwa yote. Pingili zake zinatakiwa zikatwe sasa, mvua zijazo zisitukute hatuna mbegu."

*

Kamati ya Serikali ilichunguza habari za mihogo kuoza. Ilibaini kwamba ugonjwa huo haujatajwa mahali popote katika machapisho halali ya nchi, hivyo haupo. Njaa iliyofuata nayo haikuwapo, na wale waliokufa kwayo walihesabiwa kuwa wamehama. Mimi naiamini Kamati. Nasimulia tu kwamba katika bonde moja la mbali, mwaka ule ambao njaa haikuwapo, watu walikula, na kwamba wengine walitembea kutoka wilaya nyingine kuja kuomba pingili za shina jekundu, wakazibeba kichwani kama kuni.

Lakini nimetangulia. Siku ile ya kwanza walipofika bondeni, wanawake wa jirani walikusanyika kwenye ua wa Mama Yonazi kumwangalia mgeni aliyepiga magoti shambani na kisu. Walipoambiwa waing'oe Mkombozi, mmoja akauliza kwa ukali kwa nini wang'oe mihogo mizuri namna ile.

"Nani kasema ni mibovu? Imesemwa wapi?"

"Hakuna aliyesema," Yonazi akamjibu. "Ng'oa mmoja wako, upasue."

Alivuka hadi shamba lake la jirani, akang'oa, akapasua, akaona kahawia tupu. Akakimbilia shina la pili, na la tatu. Baada ya muda mfupi bondeni kote yalikuwa yakisikika majembe, na hapa na pale mtu akilia. Dakta alipita shamba kwa shamba akionyesha kipi kichomwe, kipi kisiguswe, na pingili ikatwe urefu gani. Hakuna aliyempigia makofi. Walimwuliza maswali, mengi, mengine ya kijinga, naye alijibu yote mpaka sauti ikakauka.

Waliporudi, Mama Yonazi alimpa maji ya kunawa na kigoda cha kukalia.

"Umechoka, mwanangu. Huyu mtoto kaniletea mgeni hata jina hajanitajia. Unaitwa nani?"

Yonazi alimtupia Dakta jicho, kwa kuwa jina lile lilikuwa marufuku na nje palikuwa na watu.

"Naitwa Sikudhani," akasema.

"Hukudhani nini?"

Dakta alifungua mdomo amweleze kwamba ni jina tu, alilopewa na bibi yake. Lakini yule mama alikuwa amekwisha kuvuta mkeka, ameketi, amekunja miguu, na anangoja kweli. Basi akaanza kumweleza. Alimweleza tangu mwanzo, bila haraka, na Mama Yonazi akasikiliza mpaka mwisho. Alimkatiza mara moja tu, pale ambapo hakuelewa, akamwomba arudie.